Stata, Ethi na Kaboni: Istilahi za Gereji na Wajibu wa Mfasiri

Mfasiri anayepewa kazi ya kutafsiri mwongozo wa matengenezo ya gari hukabiliwa na jambo ambalo mfasiri wa hotuba au wa barua za ofisini halipati mara nyingi. Msomaji wake atasoma sentensi huku mkono wake umeshika spana, naye atatenda kama alivyosoma. Istilahi ikiwa na maana mbili, msomaji huyo hana nafasi ya kutafakari ni ipi iliyokusudiwa. Ataifuata ile aliyoizoea, na matokeo yake yataonekana kwenye betri, kwenye injini au kwenye mkono wake mwenyewe.

Makala haya yanachukua kazi moja tu ya gereji, nayo ni kubadilisha stata ya gari la zamani. Madhumuni yake ni mawili: kwanza, kuieleza kazi yenyewe kwa Kiswahili kilichonyooka, pili, kuonyesha kwamba istilahi ya ufundi haina budi kupimwa kwa kuuliza kama mtu anayeitii atafanya jambo lililo sawa.

1. Maneno husafiri pamoja na kazi

Gongoni ni mojawapo ya kata za Manispaa ya Tabora, mji uliokuwa njiapanda ya misafara katika karne ya 19. Njia iliyotoka Bagamoyo ilifika hapa Unyanyembe, kisha ikagawanyika, tawi moja likielekea Ujiji na jingine likielekea kaskazini, Karagwe na Buganda. Burton na Speke walipofika Kazeh mwezi Novemba 1857, Kiswahili kilikuwa tayari ni lugha ya misafara. Msamiati wa msafara haukutungwa na kamati yoyote. Aliyesema mpagazi au kirangozi alieleweka, kwa sababu kila jina lilishikamana na kazi ambayo watu waliiona kwa macho.

Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912. Katika Marekani, magari ya Cadillac ya mwaka huo huo yalikuwa ya kwanza kutoka kiwandani yakiwa na stata ya umeme, iliyobuniwa na Charles Kettering na wenzake. Kabla ya hapo dereva aliiwasha injini kwa hendeli iliyochomekwa mbele ya gari, na hendeli ikirudi nyuma kwa nguvu iliweza kuvunja mkono. Magari yalipoenea katika nchi yetu, maneno yake yaliingia kwa njia ile ile iliyopitwa na maneno ya msafara, yaani kinywani mwa watu wa kazi. Spana, jeki, betri, gia na stata hayakusubiri kuidhinishwa.

Mwaka 1967 Serikali ilielekeza Kiswahili kitumike katika shughuli zake zote, na mwaka huo huo Bunge lilitunga Sheria Na. 27 iliyoliunda Baraza la Kiswahili la Taifa. Tangu hapo swali limekuwa hili: tufanye nini na maneno ambayo mafundi walikwisha kuyapokea? Wapo wanaotaka yafutwe, mahali pake pawekwe maneno yenye asili ya Kibantu. Wapo pia wanaotaka yachukuliwe yote kama yalivyo. Tukiifuata stata hatua kwa hatua tutaona kwamba pande zote mbili zina mahali zinapokosea.

2. Stata ni nini, na inafanya kazi gani

Injini ya gari haiwezi kuanza yenyewe kutoka katika hali ya kusimama. Ni lazima kwanza kitu kingine kiizungushe, ili pistoni zivute hewa na mafuta na kuvigandamiza. Injini ya petroli huhitaji kuzungushwa kwa kadiri ya mizunguko 60 hadi 100 kwa dakika kabla haijaweza kushika. Kazi hiyo hufanywa na stata, ambayo ni mota fupi ya umeme yenye nguvu nyingi, inayotumika kwa muda mfupi tu.

Mwisho wa mhimili wa stata pana gia ndogo iitwayo pinioni. Gia hiyo huingia katika meno ya ringi kubwa iliyozunguka flaiwili, yaani lile gurudumu zito lililofungwa nyuma ya injini. Kwa kuwa ringi ina meno mengi kuliko pinioni, mara nyingi kiasi cha mara 10 hadi 15, stata huweza kuizungusha injini iliyo nzito kuliko yenyewe. Injini ikishika, pinioni haina budi kutoka mara moja. Isipotoka, injini ndiyo itakayoizungusha stata, tena kwa kasi ya kuivunja.

Stata hula umeme kuliko kifaa kingine chochote cha gari. Katika gari dogo huvuta ampia 100 hadi 200 na zaidi, ilhali taa za mbele za gari hilo huvuta ampia 10 hivi. Hii ndiyo sababu waya wake ni mnene, na ndiyo sababu kupigwa kwa stata kusizidi sekunde 10 kwa mara moja, kisha ipumzishwe nusu dakika au zaidi.

3. Kupiga stata si kuwaka

Mfasiri akitafuta neno la Kiswahili la kukiita kifaa hiki, kwa kawaida atakimbilia kitenzi kuwasha, aunde kiwashio au mota ya kuwashia. Maneno haya yanafuata kanuni za uundaji wa maneno na yanapendeza masikioni. Hata hivyo yana kasoro kubwa. Kitenzi kuwasha kinahusu pia cheche inayochoma petroli ndani ya silinda. Mfumo wa cheche, wenye plagi, koili na distribyuta, ni mfumo mwingine kabisa. Mwongozo ukisema kwamba mfumo wa kuwashia una hitilafu, fundi hatajua kama aishike stata au afungue plagi.

Mafundi wenyewe hawana utata huo. Husema, “Linapiga stata lakini haliwaki,” na mara moja kila aliyepo anajua kwamba stata ni nzima na kwamba kosa litafutwe katika cheche au katika petroli. Husema pia, “Halipigi stata,” na hapo wote huelekea kwenye betri na nyaya zake. Sentensi hizo mbili fupi zimebeba nusu ya elimu ya kutafuta hitilafu. Istilahi inayofuta tofauti hiyo inamnyima fundi kitu alichokuwa nacho tayari.

Kanuni inayojulikana ya ukuzaji wa istilahi zetu ni kuanza na Kiswahili chenyewe na lahaja zake, kisha lugha za Kibantu, kisha lugha nyingine za Kiafrika, na mwisho lugha za kigeni. Kanuni hiyo imetupatia maneno mazuri, kama vile kung’atuka kutoka Kizanaki. Lakini kanuni inahusu mahali pa kulitafuta neno. Haikusema kwamba kila neno lililopatikana karibu linafaa. Ikiwa twataka neno la Kibantu kwa kifaa hiki, basi shina lake litokane na kuzungusha, kwa maana hiyo ndiyo kazi yake, na kizungushi lingekuwa sahihi kuliko kiwashio. Hata hivyo stata limeenea, lina sauti za Kiswahili na halina utata. Tunapendekeza libaki. Neno jingine linalosikika, selfu, lilitokana na jina la awali la Kiingereza lililosifu kwamba gari sasa linajiwasha lenyewe. Hilo laweza kuachwa katika mazungumzo, lisiingie katika miongozo.

4. Ethi si hasi

Kosa la hatari kuliko yote hutokea katika hatua ya kwanza kabisa ya kazi. Kila mwongozo unaagiza kwamba kabla ya kuigusa stata, waya wa ethi uondolewe kwenye betri. Sababu yake ni hii. Katika gari, bodi na chasisi ndiyo njia ya kuurudisha umeme kwenye betri. Ncha moja ya betri imefungwa kwenye bodi kwa waya mfupi. Huo ndio waya wa ethi. Ukiuondoa kwanza, hata spana ikiteleza na kugusa bodi wakati unafungua ncha ya pili, hapatakuwa na njia ya umeme kupita. Ukianza na ncha ile nyingine wakati ethi bado imefungwa, spana ikigusa bodi ampia mamia zitapita ndani yake. Spana itakuwa nyekundu kwa joto mkononi mwa fundi, na cheche zake zaweza kuilipua gesi ya hidrojeni inayotoka kwenye betri.

Neno ethi limetokana na neno la Kiingereza lenye maana ya ardhi. Mfasiri anayeogopa ukopaji huandika waya wa ardhini. Lakini gari limesimama juu ya matairi ya mpira, na waya huo haugusi ardhi popote. Msomaji atafikiri habari za waya unaofukiwa kando ya nyumba ili kuikinga na shoti.

Mfasiri mwingine hukwepa kwa kuandika waya hasi. Kwa magari mengi yaliyopo barabarani leo sentensi hiyo haina madhara, kwa kuwa ncha hasi ndiyo iliyofungwa kwenye bodi. Lakini magari mengi ya Kiingereza ya zamani, zikiwamo Land Rover nyingi zilizotengenezwa kabla ya mwaka 1967, yalifungwa kinyume: ncha chanya ndiyo ethi. Kwa gari kama hilo, agizo la kuondoa waya hasi kwanza linamwamuru fundi aanze na ncha yenye hatari. Mfasiri hakukosea sarufi wala tahajia. Alichokosea ni kulitaja jambo kwa alama yake badala ya kulitaja kwa kazi yake.

Kwa hiyo basi, istilahi iwe ethi, na maelezo yake yawe haya: ncha ya betri, au waya wake, iliyounganishwa na bodi ya gari, iwe chanya au iwe hasi. Mwalimu aliyekwisha kuyafundisha maelezo hayo hatahitaji kuongeza onyo jingine.

5. Kuitoa stata na kuifunga mpya

Kabla ya kuitoa stata, fundi ahakikishe kwamba ndiyo mbovu. Awashe taa za mbele, kisha apige stata. Taa zikififia sana, betri imechoka, au terminali zimeshika kutu, au stata imenasa. Taa zisipobadilika na stata ikanyamaza, umeme hauifikii. Aangalie swichi, solenoidi na nyaya. Betri nzima ya volti 12 iliyopumzika huonyesha volti 12.6 hivi, ikishuka chini ya volti 10 wakati stata inapigwa, betri ipimwe kwanza. Stata nyingi huhukumiwa bure kwa kosa la terminali iliyolegea.

Baada ya kuthibitisha, kazi ifuate utaratibu huu:

(a) Gari lisimamishwe mahali tambarare, gia iwe huru, breki ya mkono ivutwe na magurudumu yazuiwe kwa vigingi. Injini iachwe ipoe, kwa kuwa mara nyingi stata i karibu na bomba la moshi.

(b) Waya wa ethi uondolewe kwenye betri na uwekwe mbali.

(c) Ikiwa stata hufikiwa kwa chini, gari liinuliwe kwa jeki na kuegemezwa juu ya stendi imara. Mtu asiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake.

(d) Nyaya za stata zitiwe alama, kisha zifunguliwe. Bolti zifunguliwe huku stata imeshikiliwa, kwa kuwa ni nzito na ikianguka huvunja kidole au kukata waya.

(e) Kupitia tundu lililobaki, fundi aizungushe injini polepole kwa mkono na kuyakagua meno ya ringi. Injini ya silinda nne huwa na desturi ya kusimama katika sehemu mbili zile zile, na hapo ndipo meno huliwa zaidi. Stata mpya haitaponya meno yaliyokwisha.

(f) Stata mpya ilinganishwe na ya zamani: idadi ya meno ya pinioni, matundu ya bolti, urefu, na upande inaozungukia.

(g) Nyuso mbili zinazokutana, ule wa stata na ule wa injini, zisuguliwe hadi chuma kionekane. Kwa kawaida stata haina waya wake wa ethi. Hupata ethi kupitia mwili wake. Rangi na kutu zilizobaki hapo huizuia, na fundi atairudisha dukani stata iliyo nzima.

(h) Bolti zikazwe, nyaya zirudishwe mahali pake, na waya wa ethi ufungwe mwisho.

Msomaji ataona kwamba hatua ya (b), ya (g) na ya (h) zote zinategemea neno moja. Mtu aliyefundishwa kwamba ethi ni hasi hawezi kuielewa hatua ya (g) hata kidogo.

6. Bendiksi, flaiwili na kaboni

Hadi hapa tumeyatetea maneno ya gereji. Ni haki sasa kuonyesha mahali ambapo gereji nayo inahitaji msaada wa wanaistilahi.

Mafundi huliita bendiksi fungu zima lenye pinioni. Jina hilo ni la Vincent Bendix, Mmarekani aliyeupatia umaarufu mtambo ambao pinioni yake hukimbia juu ya parafujo kwa nguvu ya mzunguko wa ghafla na kugota katika ringi. Land Rover nyingi za zamani za petroli zina stata ya aina hiyo, na solenoidi yake imefungwa mbali nayo. Stata za baadaye ni za aina nyingine: solenoidi imefungwa mgongoni mwa stata, nayo huisukuma pinioni iingie kwanza ndipo mota izunguke, klachi inayoshika upande mmoja tu huikinga isizungushwe na injini. Gereji huziita zote mbili bendiksi.

Mkanganyiko huu una gharama. Ile ya aina ya kwanza ikinasa, fundi huweza kuinasua bila kuitoa: huzima swichi, huingiza gia ya juu na kulisukuma gari mbele na nyuma. Aidha, parafujo yake husafishwa kwa mafuta ya taa na kuachwa kavu, kwa sababu oili hukamata vumbi, na vumbi la barabara zisizo na lami hugeuka kuwa gundi. Ushauri huo haufai kwa aina ya pili, ambayo klachi yake ina grisi ndani. Mafuta ya taa yataiosha grisi hiyo na kuiharibu. Kwa hiyo neno bendiksi peke yake halitoshi katika mwongozo. Tunapendekeza bendiksi ya parafujo na bendiksi ya klachi.

Kuhusu flaiwili, atakayetafsiri neno kwa neno atapata gurudumu la kuruka, na mwanafunzi atashangaa ni ndege gani inayotengenezwa. Flaiwili libaki hadi litakapopatikana neno lililo bora.

Mwisho ni kaboni, yaani vile vipande vidogo vinavyopeleka umeme katika sehemu ya ndani ya stata inayozunguka, navyo huisha kwa msuguano. Kiingereza huviita kwa jina lile lile la brashi. Afisa ugavi anayeandika brashi za stata katika hati ya manunuzi asishangae akiletewa brashi za waya za kusugulia kutu. Kaboni ni neno la mafundi na ni zuri, lakini ofisini linaweza kuleta karatasi za kaboni, na darasani ni elementi ya kemia. Katika hati iandikwe kaboni za stata, kwa ukamilifu wake.

7. Istilahi zinazopendekezwa

Stata: mota ya umeme inayoizungusha injini ili ianze kufanya kazi.
Kupiga stata: kuizungusha injini kwa stata, iwe imewaka au haikuwaka.
Kuwaka: injini kushika na kuendelea kuzunguka kwa nguvu yake yenyewe.
Mfumo wa cheche: plagi, koili na viungo vingine vinavyochoma petroli kwa umeme.
Ethi: ncha au waya wa betri uliounganishwa na bodi ya gari.
Solenoidi: swichi ya sumaku inayoupitisha umeme mwingi kwenda kwenye stata.
Pinioni: gia ndogo ya stata.
Ringi ya flaiwili: duara la meno linaloshikwa na pinioni.
Bendiksi ya parafujo. Bendiksi ya klachi: mitambo miwili ya kuiingiza na kuitoa pinioni.
Kaboni za stata: vipande vinavyopeleka umeme katika sehemu inayozunguka.

Kati ya maneno haya hakuna hata moja litakalomshangaza fundi wa Gongoni. Lililo jipya ni mipaka yake, yaani kila neno limepewa kazi moja na kunyang’anywa zile zisizolihusu. Hiyo ndiyo sehemu ya mwanaistilahi katika lugha ya ufundi. Wanafunzi wa vyuo vya ufundi stadi, karakana zinazotengeneza magari ya Serikali na maafisa wanaoandika hati za manunuzi wanahitaji kusoma neno moja na kuelewa kitu kimoja. Mfasiri anayeanza kazi ya namna hii na aende kwanza gereji, asimame kando na asikilize mafundi wanavyoitana na kuagizana. Akirudi mezani, ajiulize juu ya kila sentensi aliyoiandika: atakayeitii neno kwa neno, akiwa na spana mkononi na betri mbele yake, atabaki salama?